Msimfiche Sleipnir Miguu Yake

Nikiona mchoro mpya wa Sleipnir, farasi wa Odin, mungu mkuu wa hadithi za kale za Skandinavia, kwanza nahesabu miguu. Inatakiwa iwe minane. Wachoraji wengi wa leo hukwepa papo hapo: nusu ya miguu wanaifunika kwa ukungu na vumbi, kisha ustadi wote wanaumalizia kwenye macho mekundu na deraya. Wengine huipachika miguu ya ziada tumboni, farasi akawa jongoo.

Fundi mmoja wa kisiwa cha Gotland, Uswidi, alishalimaliza jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwenye jiwe la michoro la Tjängvide, lililohifadhiwa Stockholm, alimchonga farasi kwa ubavu: minne mbele, minne nyuma, yote wazi. Wapo wanaosema miguu ile ni namna tu ya kuonyesha mbio. Sikubali, maana farasi wengi wa mawe ya Gotland wana minne tu.

Tena watu wa Skandinavia ya kale walimfanyia kitendawili, kimo kwenye saga (simulizi la kale) ya Hervör: ni akina nani wawili hao, miguu kumi, macho matatu, mkia mmoja? Ni Odin, mwenye jicho moja, juu ya Sleipnir. Sasa ukiificha miguu kwenye moshi, mtu atateguaje?

Rangi nayo. Snorri Sturluson, aliyeandika Iceland mnamo 1220, anasema ni wa kijivu. Weusi huu wa kutisha wanaompaka leo umetoka wapi? Huyu mama yake ni Loki, yule laghai, aliyejigeuza farasi jike akamrubuni Svaðilfari, dume la mjenzi wa ngome ya miungu, ili kazi isiishe kwa wakati na miungu isilipe ujira: jua, mwezi na mungu wa kike Freyja. Mtoto wa hila namna hiyo ningemchora na uso wa utundu kidogo.

Na picha za vita ningeziacha kabisa. Baldr, mwana wa Odin, alipokufa, Hermóðr, mjumbe wa miungu, alimpanda Sleipnir usiku tisa kupitia mabonde ya giza hadi lango la Hel, yaani kuzimu. Pale alishuka, akakaza mikanda ya tandiko, akapanda tena, wakaliruka lango bila kuligusa. Wengi watachora ule mruko. Mimi nataka mikanda ikikazwa: farasi amesimama, kwato nane chini, na lango refu mbele yake.