Samurai waliokatazwa kufa

Kuna sentensi moja ya Kijapani inayozunguka sana mitandaoni, mara nyingi imeandikwa juu ya picha ya upanga: njia ya samurai ni kifo. Msemaji wake ni Yamamoto Tsunetomo, mtumishi wa ukoo wa Nabeshima katika jimbo la Saga, kusini-magharibi mwa Japani. Wanaoisambaza huwa hawataji kwamba Tsunetomo alifariki mwaka 1719 akiwa mtawa wa Kibuddha mwenye umri wa miaka 60, miaka 19 baada ya kifo cha bwana wake ambaye alitamani kufa pamoja naye. Woga haukuhusika hapo. Alikatazwa na sheria, na aliyeitunga sheria hiyo kwa jimbo la Saga, mwaka 1661, ni bwana huyohuyo, Nabeshima Mitsushige.

Naanza na Tsunetomo kwa sababu mjadala wa kifo cha heshima cha samurai umezoea kupangwa vibaya. Upande mmoja huwekwa Wajapani na heshima yao, upande wa pili wageni wa karne ya 19 wakishika vinywa kwa mshangao. Lakini wapinzani wakali wa desturi hii walikuwa samurai, tena wenye majimbo na vyeo vya juu serikalini, karibu karne mbili kabla ya meli za kivita za Marekani kuingia ghuba ya Edo, mji unaoitwa leo Tokyo, mwaka 1853. Hoja zao hazipati nafasi kwa sababu hazina mvuto wa picha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kulikuwa na kujipasua tumbo kwa amri: mtu wa tabaka la samurai amehukumiwa kifo, naye anapewa nafasi ya kufa kwa mkono wake badala ya kukatwa kichwa kama mhalifu wa kawaida. Na kulikuwa na kufa kwa hiari ili kumfuata bwana aliyefariki, desturi iitwayo junshi. Ugomvi mkubwa wa karne ya 17 ulikuwa juu ya hii ya pili.

Walioitetea hawakuwa wendawazimu, na hoja yao haifai kubezwa. Baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615, vita vikubwa viliisha. Asipouawa mbele ya farasi wa bwana wake, mtu aliyelelewa tangu utotoni kwamba siku moja atakufa hapo aifanye nini ahadi hiyo? Wengi waliojitoa walikuwa wameinuliwa kutoka vyeo vya chini kwa upendeleo wa bwana mmoja, wengine wakiwa wapenzi wake wa ujanani, na kifo chao kilikuwa jibu la deni ambalo mshahara usingelilipa. Tena haikuwa vurugu. Mtumishi aliomba ruhusa bwana akiwa bado hai kitandani, akakubaliwa au akakataliwa. Date Masamune alipofariki mwaka 1636, watumishi 15 walimfuata, na watano wengine wakawafuata hao 15. Hosokawa Tadatoshi wa Kumamoto, mwaka 1641, alifuatwa na 19. Kule Saga, mwaka 1657, babu yake Mitsushige alifuatwa na 26. Na Iemitsu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani nzima, alipoaga dunia mwaka 1651, miongoni mwa waliojiua walikuwamo Hotta Masamori na Abe Shigetsugu, watu waliokuwa nguzo za serikali yake.

Hapo kwenye nguzo za serikali ndipo hesabu zinapoanza kuuma. Mtoto wa Iemitsu, Ietsuna, alirithi ushogun akiwa na umri wa miaka kumi hivi, na siku ileile akapoteza watu waliojua mafaili yote yalipo. Kila kifo cha bwana kilikuwa kinafagia kizazi kizima cha washauri wenye uzoefu na kumwachia mrithi mchanga nyumba tupu. Na samurai wa wakati huo hawakuwa wajinga kuhusu nia za wenzao. Waliwagawa waliojiua mafungu matatu: waliokufa kwa uaminifu wa kweli, waliokufa kwa sababu mwenzao wa cheo kilekile amekufa nao wakaona aibu kubaki, na waliokufa ili watoto wao wapandishwe vyeo. Hilo la tatu walilifananisha na biashara waziwazi. Kufa kufaana, tungesema sisi. Lakini nadhani fungu la pili ndilo baya zaidi. Ruhusa ilikuwa lazima iombwe, sawa, ila asiyeomba alitazamwaje sokoni na kwenye kikao siku iliyofuata? Hiari inayolindwa na minong'ono ya majirani haina tofauti kubwa na amri.

Mwaka 1661 watu watatu walichukua hatua. Mitsushige aliipiga marufuku junshi kule Saga. Hoshina Masayuki, ami yake shogun, alifanya hivyohivyo katika jimbo lake la Aizu. Kule Mito, Tokugawa Mitsukuni alifiwa na baba yake, akasikia kuna wazee wa nyumba wanaojiandaa kumfuata, akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwasihi wabaki. Napenda kulifikiria tukio hilo: mrithi aliye matangani, badala ya kukaa akipokea pole, anapiga hodi kwa watumishi wa marehemu kuwaomba wasife. Hilo nalo ni heshima ya samurai, ingawa halina upanga ndani yake.

Miaka miwili baadaye, 1663, serikali kuu ikafuata kwa nchi nzima. Kwa maneno ya agizo lenyewe, kumfuata bwana kifoni ni jambo lisilo la haki na lisilo na faida. Ila werevu wa sheria uko kwenye swali la nani atalaumiwa. Aliyekwisha kuamua kufa utamtisha na nini? Agizo likasema kosa ni la bwana marehemu, ambaye angepaswa kumkanya mtumishi wake mapema, na ni la mrithi pia, ambaye hakumzuia.

Wengi waliliona kama karatasi tu hadi mwaka 1668. Okudaira Tadamasa, bwana wa Utsunomiya, alifariki, na mtumishi wake Sugiura akajiua kumfuata. Inasimuliwa kwamba mrithi alikuwa amemuuliza kwa kejeli, mbona bado uko hai? Okudaira hawakuwa watu wadogo: Tadamasa alikuwa kitukuu cha Ieyasu, mwanzilishi wa utawala wa Tokugawa, na Utsunomiya ilikuwa kituo cha shogun akienda Nikko kuzuru kaburi la babu huyo. Serikali haikujali. Watoto wawili wa kiume wa Sugiura waliuawa. Ukoo wa Okudaira ukahamishiwa Yamagata, kaskazini, na pato lake likashushwa kutoka koku 110,000 hadi koku 90,000.

Hizo koku 20,000 ndizo zinazonisimamisha kila ninaposoma habari hii. Koku moja ni mchele wa kilo 150 hivi, uliohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo kifo cha mtu mmoja, kilichokusudiwa kuupamba ukoo, kiliugharimu chakula cha watu 20,000 kwa mwaka, na mwaka uliofuata tena, na uliofuata. Karibu moja ya tano ya pato lote. Pengo kama hilo halizibwi kwa bwana kupunguza kitoweo. Mishahara ya samurai ililipwa kutoka kwenye pato hilohilo, na anayeumia kwanza ni askari wa miguu na karani wa ghala, ambao hawakumtuma Sugiura popote. Hapo serikali ilionyesha kwamba inaijua heshima kuliko wanaoiimba. Samurai alikuwa tayari kuutoa uhai wake kwa ajili ya jina la nyumba, basi sheria ikaiweka nyumba yenyewe rehani. Baada ya kesi hiyo desturi ilikufa karibu kabisa, na mwaka 1683 marufuku ikaandikwa ndani ya sheria kuu za nyumba za kivita.

Sasa kuna pingamizi ambalo haliwezi kukwepwa. Serikali iliyowaua watoto wawili ili kuzuia watu kujiua haiwezi kusifiwa kwa huruma. Na serikali hiyohiyo iliendelea kuamuru watu wajipasue matumbo bila kusita. Mwaka 1701 Asano Naganori, bwana wa jimbo la Ako, alimjeruhi ofisa Kira ndani ya ngome ya Edo, akahukumiwa na kufa siku hiyohiyo. Watumishi wake walipomuua Kira kulipiza, 46 kati yao waliamriwa kujiua mwaka 1703. Mkosoaji atasema, na ana haki, kwamba kilichochukiwa ni kifo kisicho na kibali: mtumishi alipokatazwa kumfia bwana wake, uhai wake ulihamishiwa daftari la serikali. Hata mwaka 1869, hoja ya kufuta kujipasua tumbo ilipopelekwa kwenye baraza la serikali mpya ya Mfalme Meiji, iliyochukua nafasi ya ushogun, kati ya wajumbe 209, 200 waliipinga na watatu tu wakaiunga mkono. Adhabu hiyo iliondolewa sheriani mwaka 1873.

Naikubali sehemu kubwa ya pingamizi hilo. Lakini nia mbovu ya mtunga sheria haifuti hesabu ya waliobaki hai, na Tsunetomo ni mmoja wao. Bila marufuku, tusingekuwa hata na sentensi yake ya mitandaoni, maana mazungumzo yaliyoihifadhi yalianza miaka kumi hivi baada ya siku aliyotaka kufa.

Desturi ilirudi mara moja kwa kishindo, tarehe 13 Septemba 1912, siku ya mazishi ya Mfalme Meiji, Jenerali Nogi Maresuke alipojiua nyumbani kwake Tokyo. Taifa liligawanyika. Wengi walilia kwa fahari, na mwandishi wa gazeti Kiryu Yuyu akaandika waziwazi kwamba ni mila mbovu ya kuachwa. Mkewe Nogi, Shizuko, alikufa pamoja naye, na wasifiaji wa jenerali humpitia kwa nusu sentensi, ilhali hakuwa na bwana wa kivita wa kumfuata wala bendera ya kuionea aibu kama mumewe, aliyewahi kupoteza bendera ya kikosi chake vitani. Mbinu ya 1663 isingewagusa hao wawili. Ilimshika mtu kwa watoto na nyumba atakayowaachia, na watoto wa Nogi waliosalia, vijana wawili wa kiume, walikuwa wameuawa wote mwaka 1904 katika vita na Urusi.