Treni ya Pugu: tuongeze mabehewa au tuongeze njia?

Asubuhi, Gongo la Mboto. Treni inatoka Pugu, na kabla haijasimama sawasawa watu wameshaanza kukimbia nayo. Kwenye mlango wa behewa la tatu kijana amesimama mguu mmoja ndani, mwingine hewani. Mama mmoja ana ndoo mbili tupu, moja ndani ya nyingine. Anawahi samaki Feri. Mlango wa kwanza anakosa. Wa pili anakosa. Wa tatu watu wanajibana, mkono unachomoza katikati ya mabega na kupokea ndoo, naye anavutwa juu. Tangu magurudumu yasimame mpaka honi ilipolia, saa yangu ilihesabu karibu dakika tatu.

Nimezishikilia dakika hizo kwa sababu mjadala wa treni za mjini Dar es Salaam huzipita bila kuziona. Abiria wengi wanasema: ongezeni mabehewa, watu wapande. Wanaofuatilia mambo ya miundombinu wanasema mabehewa ni kiraka tu, jengeni njia ya pili. Wote wana hoja.

Treni hizi zilianza Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na watu wakazibatiza jina lake. Upande mmoja ulitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, mwingine ukaenda Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Treni ya Pugu ikafuata 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi milioni 4.36 jijini, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu wapatao milioni moja wameongezeka, wengi wakijenga pembezoni, huko huko treni inakotoka.

Tatizo kubwa ni njia moja. Treni ya kwenda mjini na ya kurudi haziwezi kupita kwa wakati mmoja isipokuwa penye njia ya kupishana. Tuchukue hesabu ya mfano, siyo takwimu za shirika. Tuseme kati ya sehemu mbili za kupishana treni inatumia dakika 12 pamoja na kusimama vituoni, na dakika 3 zinakwenda kwenye kuruhusu treni ya upande wa pili. Moja kwenda na moja kurudi ni dakika 30. Maana yake ni treni mbili tu kwa saa kila upande. Ukiwa na mabehewa 8 yenye watu 150 kila moja, unabeba watu 2,400 kwa saa.

Sasa weka njia ya kupishana katikati. Dakika 12 zinakuwa 6, ongeza zile 3, jozi nzima ni dakika 18. Unapata treni tatu kwa saa, watu 3,600. Lakini ukiziacha treni ziwe mbili na kuzirefusha hadi mabehewa 12, unapata 3,600 vilevile! Anayetetea mabehewa hajakosea hesabu hata kidogo.

Tena ana hoja nyingine ambayo wapinzani wake huikwepa. Kila treni inapopita, geti la barabara linafungwa. Tukisema ni dakika 4 kila mara, treni mbili kila upande zinafunga barabara dakika 16 kwa saa. Treni tatu, dakika 24. Daladala zilizosimama getini zina abiria pia, na wengi wao ni majirani wa hao wa kwenye treni. Treni ndefu inaongeza sekunde chache tu kwenye geti.

Ila behewa moja lina urefu wa kama mita 20. Mabehewa 12 yanataka jukwaa la mita 240, na kichwa chenye nguvu ya kuondoka haraka kila baada ya kituo. Jukwaa likiwa fupi, walio nyuma wanarukia kwenye kokoto, na dakika zangu tatu zinakuwa tano. Zikiwa tano, ile hesabu ya dakika 12 imeshavunjika, na treni ya upande wa pili inaendelea kusubiri.

Wala mtu asidhani mabehewa yanaweza kuazimwa tu. Jiji hili lina vipimo vitatu vya reli: milimita 1,000 kwenye reli ya kati ya zamani, ambayo ndiyo ya treni ya Pugu, 1,067 TAZARA, na 1,435 kwenye SGR, reli mpya ya umeme. Behewa lililolala TAZARA haliwezi kumsaidia mtu wa Pugu, kwa tofauti ya milimita 67.

Kuna wanaosema treni za mjini zihamie SGR. Naelewa kiu hiyo, lakini treni ya kilomita 160 kwa saa inayokwenda Dodoma ikikuta mbele yake treni inayosimama kila kituo, aidha ipunguze mwendo au iachiwe nafasi kubwa kwenye ratiba. Nafasi hiyo ingetosha treni kadhaa zenye mwendo mmoja.

Mumbai wamepitia haya kwa muda mrefu. Treni zao za umeme za mjini zilianza 1925, zikaja kurefushwa hadi mabehewa 9, kisha 12, na baadhi 15, majukwaa nayo yakirefushwa. Bado wataalamu wao wanazungumzia abiria 14 hadi 16 waliosimama kwenye mita moja ya mraba. Kwa hiyo wakajenga pia njia ya tano na ya sita, kama kati ya Thane na Diva mwaka 2022, ili treni za masafa zisigombanie njia na za mjini. Kwetu, reli hiyo ya zamani inapitisha pia treni za bara na mizigo ya bandarini, na mzigo ndio unaoleta fedha kuliko nauli ya mwanafunzi.

Nairobi nao, mwaka 2020, walianza kutumia treni za mitumba kutoka Hispania zenye chumba cha dereva kila upande. Ikifika mwisho, dereva anahama upande na safari inaanza, bila kukifungua kichwa na kukizungusha. Hiyo ni nafasi iliyopatikana bila kutandika hata mita moja ya reli.

Mimi ningeanza na milango. Mabehewa yaliyotengenezwa kwa safari ndefu yana milango myembamba mwishoni. Yapanuliwe, na majukwaa yawe sawa na sakafu. Kisha njia ya kupishana, hata kama hesabu inalingana na ya mabehewa 12, kwa sababu anayekosa treni atasubiri dakika 20 badala ya 30, na treni moja ikichelewa haitaiburuza ile ya upande wa pili kwa muda mrefu. Mageti yenye foleni kubwa yajengewe madaraja kabla ya kuongeza treni.

Njia ya pili naiunga mkono, ila naogopa gharama yake kwa watu. Kwenye hifadhi ya reli kuna nyumba na vibanda, na alama ya X ya kubomolewa ukutani tunaijua ilivyo: mtu anaamka anakuta maisha yake yamepakwa rangi nyekundu. Kama njia hiyo itajengwa miaka kumi ijayo, mipaka ipimwe na iwekwe wazi mwaka huu, kabla fundi hajamwaga msingi mwingine kando ya reli, na wanaostahili fidia waijue sasa.