Kinundu cha BAP1 kikiwa kimoja, ripoti iseme nini?

Mwaka 2011 ilibainika kwamba hitilafu ya kurithi katika BAP1, jeni ya kuzuia saratani, huotesha vinundu vya ngozi na huweza kuleta melanoma (saratani ya seli za rangi) ya jicho. Tangu hapo wanapatholojia, madaktari wanaochunguza vipande vya mwili kwa hadubini, hawajakubaliana: kinundu kikiwa kimoja tu, hatari ya kifamilia itajwe kwenye ripoti au iachwe?

Wanaosema iachwe wana hoja. Kinundu kilicho peke yake kwa kawaida hakikurithiwa. Jeni iliharibikia humohumo ndani yake. Kumpima kila mgonjwa damu ni hofu na gharama.

Wanaosema itajwe hudhaniwa wapenda vipimo tu, na hapo wanaonewa. Hoja yao ni muda. Kwa aliyerithi, vinundu hivi, vyekundu au vya rangi ya ngozi, mara nyingi hujitokeza ujanani, miaka mingi kabla ya melanoma ya jicho, mesotelioma (saratani ya utando wa mapafu au tumbo) au saratani ya figo. Na kila mwenye vinundu kumi alianza na kimoja.

Tena havitambuliwi kwa kubahatisha. Kwenye hadubini kuna seli kubwa zenye saitoplazimu (ujiuji unaozunguka kiini) tele, mipaka dhahiri na nukleoli (vidoa ndani ya kiini) zinazoonekana wazi, limfositi (seli za kinga) zikiwa zimepenya katikati, na mara nyingi seli ndogo za doa la kawaida pembeni. Huweza kudhaniwa kinundu cha Spitz, aina nyingine ya uvimbe wa seli za rangi, ila epidermisi (tabaka la juu la ngozi) kwa kawaida haijanenepa. Hufuata kipimo cha kingamwili, kinachotia rangi protini inayotengenezwa na jeni ya BAP1: viini vya seli kubwa havishiki rangi ya BAP1, vya seli ndogo hushika.

Hapa ndipo watu huteleza. Kabla ya kuandika kwamba BAP1 imepotea, tazama viini vya limfositi, keratinositi (seli za epidermisi) na kuta za mishipa ya damu kwenye kipande hichohicho. Navyo visiposhika rangi ya BAP1, kipimo ndicho kilichofeli, rudia. Rangi iliyobaki kwenye saitoplazimu peke yake isihesabiwe kuwa protini ipo inapotakiwa: kinachosomwa ni kiini.

Hata kipimo kikienda sawa, kinaonyesha tu kwamba protini haipo kwenye kiini, si kwamba hitilafu ilirithiwa. Ndiyo maana kutaja si kuagiza kipimo cha damu. Sentensi mbili zinatosha: mgonjwa akaguliwe ngozi nzima na kuulizwa kuhusu saratani hizo kwa ndugu wa damu, vikipatikana vinundu zaidi, au historia hiyo ikiwapo, apelekwe kwa mshauri wa jenetiki.