Mwakilishi wadi tumdai sheria, si bahasha

Kule nyumbani Kenya, mwakilishi wadi akifika matangani mikono mitupu, jina lake limeharibika. Akikosa kikao cha kamati ya afya, hakuna anayeuliza. Huku Minnesota, Marekani, mambo ni kinyume, na sidhani ni kwa sababu viongozi wa huku wana akili zaidi. Tofauti iko kwenye kile tunachowadai.

Mtazameni Phyllis Kahn. Alisomea fizikia, akapata shahada ya uzamivu ya biofizikia Yale, na mwaka 1972 akachaguliwa kuingia Bunge la Wawakilishi la Minnesota. Mwaka 1975 mswada alioupigania ukawa sheria ya hewa safi: maeneo ya umma yakalazimika kuwatengea nafasi watu wasiovuta sigara. Kwa kutengana huko moshi uliendelea kuvuka kutoka meza hii hadi ile, na uvutaji sigara katika baa na mikahawa ulipigwa marufuku kamili Oktoba 2007 tu. Hata hivyo, bila hatua ile ya 1975 kusingekuwa na pa kuanzia.

Kahn alikaa bungeni miaka 44, lakini asikudanganye mtu kwamba alijikalia tu. Muhula wake ulikuwa wa miaka 2, kwa hiyo alishinda uchaguzi mara 22. Mwaka 2016 Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi katika kambi ya wakimbizi ya Utange kule Mombasa, alimshinda kwenye mchujo wa chama.

Kuna jambo ambalo sisi tunawazidi. Kuanzia 1999 hadi 2017 mshahara wa wabunge wa Minnesota ulisimama pale pale, dola 31,140 kwa mwaka, na wengi walilazimika kuwa na kazi nyingine. Mwakilishi wadi wetu tunamlipa afanye kazi hiyo moja. Halafu tunamgeuza mchangiaji wa jeneza na mahema, na yeye atazitoa wapi hizo pesa kila wiki?

Zahanati, masoko, chekechea na barabara za kaunti ziko mikononi mwa kaunti, na pesa zake zina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu wengi hujitokeza Mei, kamati inapokusanya maoni, wakidai tangi la maji la zahanati ambalo halimo kwenye mpango wa Septemba. Wakiambiwa pesa hazipo, wanafikiri wamedanganywa, kumbe wamechelewa miezi minane.

Ombi liandikwe kabla ya Agosti kuisha, ukurasa mmoja unatosha: jina la wadi, kituo chenyewe, kinachotakiwa (tangi la lita 10,000, kwa mfano), makadirio ya gharama, na saini za wakazi. Nakala moja iende idara ya mipango ya kaunti, moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa mwakilishi wadi. Ya nne ibaki nyumbani, imegongwa muhuri wa kupokelewa, maana ombi lisilo na muhuri hupotea bila mtu kulaumiwa. Aprili ikiisha, mtu aende kutazama kama tangi limo kwenye makadirio, na kwa kiasi gani.

Sisi wa ughaibuni ndio tunaotuma pesa za matanga. Tukituma, tuulize pia kama ile barua imeshapelekwa.