Jiwe Lenye Miguu

Ubao ulikuwa wa kusimamishwa kando ya hori la Mida, karibu na Watamu, pale wageni wanaposhuka kutazama ndege maji yakipwa. Nililetewa orodha ya majina kumi na mawili ya Kiingereza, bila picha hata moja, niyatie Kiswahili. Nikajiambia hii kazi ya kikombe kimoja cha chai.

La nne lilikuwa "ruddy turnstone". Hapo nikajiona fundi. Kiingereza kwa kawaida huweka neno kuu mwishoni: "whetstone" ni jiwe la kunolea, "millstone" ni jiwe la kusagia, "tombstone" ni jiwe la kaburini. Sasa "turnstone" litakuwa nini kama si jiwe la kugeuzia? Na "ruddy" ni wekundu wekundu. Nikaandika JIWE JEKUNDU LA KUGEUZIA. Kwamba jiwe limejikuta katikati ya orodha ya ndege, wala halikunishtua. Nilidhani ndipo wanapotua.

Siku ya kuusimamisha ubao ndiyo nikamwona mwenye jina. Mchoraji, ambaye yeye picha alipewa, alikuwa amechora ndege mnene wa miguu mifupi ya rangi ya chungwa, mdomo mfupi wenye ncha, umebenuka juu kidogo. Chini yake limelala jiwe langu, kwa herufi kubwa. Mzee mmoja wa mtumbwi akalisoma kwa sauti, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, jiwe hili mbona lina miguu?"

"Shikamoo, mzee. Ni jina tu."

"Marahaba. Na tukitaka kulifukuza, tulitupie jiwe jingine?"

Kiingereza kina kikundi kidogo cha maneno yaliyofumwa kinyume: kitenzi mbele, kitendwa nyuma, na mtenda hatajwi kabisa. "Pickpocket" si mfuko, ni mwizi anayeuchomoa. "Scarecrow" si kunguru, ni sanamu ya kumtisha. "Turnstone" basi ni mwenye kugeuza mawe. Dawa yake ni kuuliza swali moja kabla ya kuandika: je, kitu hiki ni aina ya jiwe? Kikiwa na mabawa, rudi mwanzo. Na aibu yenyewe ni kwamba Kiswahili kingenifundisha bure. Tuna kivunjajungu, yule mdudu, na sijasikia mtu aliyepikia uji ndani yake.

Jina linamstahili. Hupenyeza mdomo chini ya kijiwe, kombe au mwani, shingo ikabetua, naye huyo mbio kudaka kaa mdogo kabla hajajificha tena. Rundo zito la mwani hulisukuma kwa kichwa. Yote haya kwa mwili wa gramu 100 hivi. Kwa chakula hana kiburi. Uingereza amewahi kuonekana akila hata sabuni. Ule wekundu wa kutu nao huuvaa zaidi akienda kuzaa kaskazini, Aktiki. Miezi mingi anayokaa kwetu ni kahawia iliyopauka, kwa hiyo hata JEKUNDU langu lilikuwa la kubahatisha.

Nikachapisha kibandiko: KIGEUZAMAWE. Herufi kumi na moja kufunika ishirini na moja, hesabu ambayo sikuipiga. Kilipobandikwa katikati, ubao ukasomeka JIWE KIGEUZAMAWE ZIA. Waongoza wageni wakaanza kuulizwa zia ni nini.

Faraja niliipata kwenye jina la kisayansi, Arenaria interpres. Hilo la pili ni Kilatini, maana yake mkalimani. Linnaeus, bwana mkubwa wa kuainisha viumbe, alifika kisiwa cha Gotland mwaka 1741 akasikia ndege akiitwa "tolk". Kwa Kiswidi cha kawaida hilo ni mkalimani. Kwa lahaja ya kisiwani ni miguu, na tena walikuwa wakimsema ndege mwingine, yule wa miguu myekundu. Mwaka 1758 akampa huyu wetu jina hilo kitabuni, na kanuni za majina ya wanyama hazikubali jina lifutwe eti kwa kuwa maana yake imekosewa. Linnaeus hahitaji kibandiko.

Nilimhadithia yule mzee. Akamtazama ndege akirusha kombe la tatu.

"Kumbe ni mwenzako wa kazi," akasema. "Naye kila akionacho anakipindua."