Mfuko wa Pweza Wenye Herufi TZ

Jumamosi, hapa Lisbon, nilisimama mbele ya friza la dukani nikisoma mfuko wa pweza kama barua ya nyumbani. Octopus cyanea. Kavuliwa baharini. Bahari ya Hindi ya magharibi, eneo la uvuvi namba 51 la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Pembeni, muhuri wenye herufi TZ na namba ya kiwanda. Pweza wetu! Nilifurahi nikachukua mifuko miwili bila kutazama bei. Hasira ilinipanda nikiwa njiani kurudi.

Mimi mtoto wa Jibondo, Mafia, nimelelewa kwa pweza wa kuchokoa. Bamvua likifika, siku zile maji yanapokupwa sana, asubuhi maji yakitoka, mama anashuka mwambani na mchokoo wake, kijiti cha kumtolea pweza pangoni, maji ya magoti, jua la utosi. Akirudi anampelekea mnunuzi. Mzani wa nani? Wa mnunuzi. Bei ya leo kaitaja nani? Mnunuzi. Kilo mbili zikisomeka moja na robo tatu utamlalamikia nani, na huyo huyo ndiye aliyekukopesha unga juzi?

Huku mla pweza analindwa. Tangu Desemba 2014, duka la Umoja wa Ulaya lazima limwambie mteja samaki huyu ni nani, katoka bahari gani, kavuliwa kwa zana gani. Yule aliyemtoa pangoni hata uzito wake haambiwi sawasawa.

Na sheria tunazo. Kanuni za Uvuvi za 2009 zimekataza pweza wa chini ya nusu kilo, na ni kanuni ya maana: pweza hukua haraka, na jike hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa. Kisiwa Panza kule Pemba wamelielewa hilo. Wanafunga mwamba usivuliwe miezi mitatu, wakifungua wanatoa pweza wa kushikwa kwa mikono miwili. Lakini nusu kilo ya mzani gani, jamani?

Najua mtakavyosema. "Kapata makaratasi, sasa anatuona washamba." Sivyo. Wareno wanampenda pweza kweli, wanamwoka kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na viazi, na ni mtamu. Lakini hafikii wa kwetu. Jumapili nilimpika kwa mkono wa mama: nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, hadi akalainika, kitunguu, nyanya, bizari, pilipili mbuzi mbili nimezipasua, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, nikikoroga lisikatike, ndimu baada ya kuepua. Jirani yangu Mreno alitokwa machozi kwa ukali, akaomba sahani ya pili. Wana piripiri yao, na neno lenyewe limetoka Afrika, lakini pilipili ndani ya tui la nazi hakuwa ameionja.

Mwingine atauliza, kama kwenu kuzuri mbona uko huko? Niko huku kwa sababu pesa ya pweza haikutosha ada ya wadogo zangu. Mzani ule ndio ulionisafirisha, kwa hiyo nina haki ya kuusema.

Nakubali mnunuzi naye ana mzigo wake: barafu, mafuta ya boti, umeme ukikatika mali inaoza. Simwiti mwizi. Nataka mzani wa kijiji pale diko, mahali vyombo vinaposhushia samaki, uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ubao wa bei ulioandikwa kabla kina mama hawajashuka mwambani. Ni hayo tu, na hayahitaji mfadhili. Watoto wa Jibondo tulio nje tunaweza kuchanga mwezi huu huu, serikali ya kijiji ikautunza.

Aliye Dar anisaidie: mzani wa kuning'iniza wa kilo 50, ule wa saa, Kariakoo wanauzaje sasa?