Saikolojia ianzie komyuniti koleji, mi sioni aibu kusema

Kuna hii tabia yetu watu wa Afrika Mashariki tuliopo Marekani, mtoto wa fulani akipata nafasi UCLA, chuo kikuu chenye jina cha Los Angeles, hata kama ni kwa mkopo utakaomtafuna mpaka apate mvi, basi picha inazunguka magrupu yote ya WhatsApp na vigelegele juu. Ila akisema anaanzia komyuniti koleji ya hapo mtaani kwao (chuo cha umma cha miaka miwili, alafu unahamia chuo kikuu) grupu linapoa ghafla, labda mtu mmoja atume mikono ya dua kama vile kuna msiba. Mi naona hapa tunakosea, na kwa mtu anaetaka kusoma saikolojia ndo tunakosea zaidi. Nimepita njia hiyo hapa California alafu nikahamia chuo kikuu, na mdogo wangu akiniuliza leo nitamwambia aanzie hukohuko.

Tuanze na hela maana najua ndo mnachosubiri. California ina komyuniti koleji 116, na mkaazi wa jimbo analipa dola 46 kwa uniti (kipimo cha uzito wa somo), bei hiyo iko hivohivo tangu 2012. Uniti 60 za miaka miwili ni dola 2,760 jumla, hiyo ni ada tu, vitabu na nauli mbali, na mwenye kipato kidogo anaomba California College Promise Grant anasamehewa hata hiyo. Sasa linganisha na UC, yaani University of California, ambako ada peke yake inapita dola elfu 14 kwa mwaka, hapo hujala, hujalala. Na cheti cha mwisho kinaandikwa jina la chuo kikuu, hakuna pahala wameandika ulianzia wapi. (Mwenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, hesabu yake ni nyingine, yeye anatozwa bei ya mtu wa nje ambayo ni mara kadhaa ya hiyo, apige hesabu zake vizuri asije akanilaumu.)

Ila kwangu mimi hela sio sababu kubwa, sababu kubwa ni nani umekaa nae darasani.

Vyuo vikubwa lile somo la kwanza la saikolojia linafundishwa kwenye ukumbi wa mamia ya watu, profesa yuko mbele huko kama yuko kwenye mkutano wa hadhara, na karatasi yako anasahihisha mwanafunzi wa juu. Komyuniti koleji darasa ni la kawaida, mwalimu anajua jina lako, akilikosea unamrekebisha na wiki ijayo analipatia. Alafu wanafunzi wenyewe sasa: vijana waliomaliza sekondari juzi, mwanajeshi mstaafu, mama wa watoto watatu, kaka mmoja anakuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku ghalani bado kavaa ile fulana yake ya kung'aa. Hebu soma somo la makuzi ya mtoto na watu kama hao. Kitabu kinasema mtoto wa umri fulani anafanya hivi na hivi, yule mama anacheka anasema wa kwake wa pili hicho kitabu hajakisoma, na darasa zima linaanza kubishana, na mwalimu anaacha mbishane.

Kuna siku tulifika kwa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliechunguza mtoto anavyoshikamana na mama yake. Kila anaesoma saikolojia anafundishwa lile jaribio lake la Baltimore hapa Marekani, mama na mtoto wanaingia chumba chenye midoli, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi, watafiti wanaangalia mtoto anampokeaje. Nisichokijua ni kwamba kabla ya Baltimore huyu mama alikua Uganda! Alifika Kampala 1954 kwasababu mume wake alipata kazi kule, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda, anakaa nyumbani kwao anaangalia jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kushika vitu, anarudi kumgusa mama, kisha huyo anaondoka tena. Yaani hii habari ya mama kua ndo ngome ya mtoto, mtoto anatoka hapo kwenda kuichungulia dunia na akitishika anarudi, aliiona kwa akina mama wa Kiganda kabla hajaipeleka kwenye chumba cha midoli. Kitabu chetu kiliipa Uganda mstari tu alafu kikahamia Baltimore kikakaa huko. Nikanyoosha mkono nikauliza mbona hivo, na mwalimu akanipa muda kipindi kilichofuata niwaeleze wenzangu kwetu mtoto analelewa na watu wangapi, bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani, kila mtu anambeba. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu nani angenipa maiki?

Na hii sio habari ya kujisifu, ni suala lenyewe la fani. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake wawili waliandika kwamba saikolojia imezoea kupima watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, alafu inatangaza kwamba binadamu ndo yuko hivo. Darasa lenye vijana watupu wa miaka 18 wanaofanana maisha haliwezi kuliona tatizo hilo haraka, la kwetu lilikua linaliona kila wiki.

Shangazi yangu lakini hakuvutiwa na yote hayo. "Mwanangu, wenzio wanasoma unesi wanajenga, we unaenda kutibu vichaa?" Nikamwambia shikamoo shangazi, kwanza kwa digrii ya kwanza sitibu mtu yeyote. Na hili watu wengi hawaambiwi mapema. Hapa California ukitaka leseni ya kua mshauri wa ndoa na familia unahitaji masters na masaa 3,000 ya kazi chini ya msimamizi, kua mwanasaikolojia kamili ni udaktari wa falsafa au unaofanana nao, na masaa 3,000 vilevile. Shangazi ana hoja, njia ni ndefu. Ndo maana nasema usimalize hela zote kwenye ile miaka miwili ya mwanzo.

Sasa mitego ipo. Wa kwanza ni takwimu. Watu wanakimbilia saikolojia wakikimbia hesabu, alafu wanakuta somo la mbinu za utafiti halichukuliki mpaka umalize takwimu, wanaliahirisha na kuhama nako kunaahirishwa. Chukua takwimu mapema hata kama unaiogopa. Wa pili ni neno uhakika. Ile digrii ya miaka miwili ya kuhamia inakupa uhakika wa nafasi CSU, yaani California State University, haikupi uhakika wa kampasi zake za Long Beach au San Diego ambako kila mtu anapataka. UC nao wana TAG, mpango wa uhakika wa nafasi kwa anaehamia, kwa kampasi sita tu, Berkeley, UCLA na UC San Diego hazimo, unachagua moja, na fomu inapokelewa Septemba peke yake. Kaunsela wengine wana wanafunzi wengi mpaka wanasahau umesema unataka kwenda wapi, kwahiyo ingia mwenyewe ASSIST, ule mtandao wa jimbo, uone somo lipi linakubaliwa na chuo gani. Na walimu wengi ni wa mkataba, anafundisha vyuo vitatu na ofisi yake ni buti la gari, barua ya kukupendekeza iombe kabla semesta haijaisha maana mwakani humpati.

Kasoro kubwa kabisa ni maabara. Komyuniti koleji nyingi hazifanyi utafiti, na mwenzako alieanza chuo kikuu mwaka wa kwanza ameshazoea kuingiza data za profesa wakati we unatafuta pa kupaki. UC nyingi zinaenda kwa kota ya wiki kumi, ukitoa Berkeley na Merced, kwahiyo ulietoka kwenye semesta unashtuka wiki ya nne ni mtihani. Na maombi ya udaktari mengi yanafungwa karibu Desemba ya mwaka wako wa mwisho, piga hesabu, unabaki na mwaka na kitu. Kwahiyo wiki ya kwanza tu fungua kurasa za maprofesa, soma wanachofanya, andika barua pepe kila mmoja na yake, sio kukopi na kupesti. Wengi hawatajibu. Atakaekwambia njoo Jumanne ukae na kompyuta uandike majibu ya dodoso bure bila senti, nenda.